Ngoma Mbili Mlangoni

Nilipohamia kwenye fleti yangu ya Etterbeek, huku ughaibuni, nilikuta karatasi nyekundu imebandikwa kwenye mlango wa chumba cha kulala. Ilikuwa na alama moja ya Kichina, 囍, pana kama sinia. Sipendi kuishi na mabaki ya watu. Nikaleta kisu na maji ya moto niikwangue.

Mwenye nyumba, mama wa Kichina anayekaa ghorofa ya chini, alikuwa amepanda kunionyesha hita. Akanishika mkono.

"Hapana, madamu. Hii haibanduliwi. Inaachwa mpaka idondoke yenyewe."

Aliibandika siku ya harusi ya mwanawe, kabla maharusi hawajahama. Akanieleza kwa Kifaransa chake cha polepole, kidole juu ya karatasi: alama ya furaha ni ngoma juu, kinywa chini. Hapo sikuhitaji mwalimu. Kwetu Morogoro harusi ni ngoma na vigelegele, basi. Alama hiyo ikiwa moja, akasema, huandikwa kwa furaha yoyote, hata ya kupenda chakula fulani. Zikiunganishwa mbili, bega kwa bega, ni ya ndoa tu: utaiona milangoni, kwenye birika za chai, kwenye pakiti za peremende za harusi.

Nikaiacha. Siamini mambo ya karatasi, lakini mume wangu alikuwa Morogoro akisubiri viza, na sikutaka kujaribu bahati.

Viza ikakataliwa. Tukaomba upya, ikakataliwa tena. Nikirudi kutoka zamu ya hospitali, kule Woluwe, niliikagua karatasi kabla sijavua koti. Wekundu ulififia, kona moja ikajikunja. Niliogopa, na nilijichukia kwa kuogopa: mtu mzima na vyeti vyangu vya uuguzi, natishwa na kona ya karatasi! Hita niliiwasha kidogo tu, isije ikakausha gundi. Baridi ile nililala na soksi mbili mbili.

Mwishowe akaja. Nilimpokea kituo cha treni cha Gare du Midi, amekonda, amevaa koti la kuazima. Tulikumbatiana kama watu wasiofahamiana vizuri.

Asubuhi yake nilimkuta mlangoni na kisu cha jikoni.

"Nani kabandika hii?"

Nikamweleza yote: ngoma, kinywa, kwamba haibanduliwi, inasubiriwa mpaka idondoke.

Alinisikiliza hadi mwisho.

"Mke wangu," akasema, "mimi kusubiri sasa basi."

Nikaenda kumchemshia maji ya kuikwangulia.