Muuza Miwani ya Theluji

Mama wa duka la vifaa vya theluji pale Schladming, mji wa milima ya theluji, alikuwa na kawaida ya kupumulia kioo cha miwani, kukifuta kwa ncha ya aproni, kisha kukipumulia tena kama vile hajakiamini. Siku hiyo alimvisha miwani Marlene, wa miaka kumi na minne, aliyekuwa amenuna tangu mlangoni. Kesho yake darasa zima lilikuwa linakwenda kuteleza kwenye theluji mlimani, na ni yeye tu aliyekuwa hajawahi kuteleza.

"Cheka," mama alimwambia.

"Nicheke nini?"

"Ukinuna, pumzi haipandi kwenye kioo, binti yangu. Nitajuaje kama hakishiki ukungu?"

Marlene akakaza midomo. Mama akajivika miwani ya mtoto wa chekechea, ikambana mpaka pua ikakaa upande, akaenda kumhudumia mzee aliyetaka glavu.

"Karibu, bwana," alisema kwa sauti ya puani, uso mkavu kabisa.

"Asante, mama," mzee akajibu kwa heshima zote.

Marlene akacheka mpaka akakaa sakafuni. Mama akainama kukichungulia kioo chake: hakikuwa na ukungu hata chembe.

"Chukua hiyo," alisema. "Kesho ukianguka, utawaona vizuri wote wanaokucheka."