Hita Iliyoniumbua Ukweni

Jamani, nisikilizeni halafu mnihukumu taratibu. Kosa lilikuwa langu, ila aliyelibeba ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu, na mimi ndiye niliyemtwisha.

Nina shamba la kahawa Hasamba na kigari cha kutembelea. Msimu uliopita manyunyu yalinikuta kahawa bado mbichi kwenye vichanja vya kuanikia. Majirani walifunika zao kwa maturubai wakasubiri jua. Mimi nikajiona mjanja. Nikaitandaza ndani ya gari, kwenye viti mpaka chini miguuni pa abiria, nikafunga vioo, nikawasha injini na hita, feni nikaiweka mwisho. Mke wangu aliniuliza kama niko sawa. Nikamwambia aache ushamba.

Ikakauka kweli. Ila ukaanza mlio chini ya dashibodi, kama mahindi yanayotikiswa kwenye debe. Niliusikia vizuri sana. Nikaongeza sauti ya redio.

Muda si mrefu shemeji, ambaye anauza mahindi Tunduma, akaazima gari akamchukue mama yao Ibaba, kule milimani kwenye baridi. Nilipokwenda kwake kulichukua, feni ya hita haizunguki. Nikaweka fyuzi mpya, ikaungua papo hapo. Mwenye akili angejiuliza ni kitu gani kimeikwamisha feni. Mimi nilijiuliza nani aliendesha mwisho.

"Shemeji, gari nilikupa zima. Umelifanya nini?"

"Nimewasha hita tu, shemeji. Ikakoroma, halafu kimya."

"Hita haifi bure."

Mama mkwe alikuwa amekaa kando, amenipa mgongo, kitenge kichwani, maana kwao mama hasemi na mkwe wake uso kwa uso. Mama wa watu alikuwa ametetemeka kwa baridi kutoka Ibaba, mwanawe anaendesha huku akifuta ukungu kwenye kioo kwa kiganja. Wala sikumpa pole. Mimi nilikuwa nasikitikia hita.

Na sikuishia hapo. Harusi ya shemeji ilikuwa imekaribia, na tulishakubaliana gari langu ndilo litakalombeba bibi harusi. Nikatangaza, mama yake akisikia, kwamba sitoi gari kwa mtu asiyejua kutunza cha mwenzake. Shemeji aliinamisha kichwa. Nami nikajisikia mwanaume kamili, aibu tupu nikikumbuka.

Ili kumaliza ubishi nikamwambia twende wote gereji, akasikie kwa masikio yake alichoharibu. Fundi akajipenyeza chini ya dashibodi upande wa abiria, akalegeza skrubu, akaivuta feni. Kahawa ikammwagikia kifuani, punje na maganda, ile ile feni iliyoinyonya kutoka miguuni pa abiria.

"Nani kageuza gari ghala?" akauliza huku akijikung'uta.

Nilitafuta pa kutazama nikakosa. Shemeji akaokota punje moja, akaiangalia, akaniwekea mkononi.

"Mimi nauza mahindi, shemeji," akasema, akaondoka kwa miguu.

Heri angenitukana. Nilimfuata nyumbani kwake nikaomba msamaha, akasema yameisha. Ila bibi harusi aliletwa na gari la ndugu zao wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Langu nililiegesha nje ya kanisa, hita inapuliza joto safi kabisa, ndani niko peke yangu. Mke wangu alipanda na ndugu zake.

Hata ile kahawa ilikataliwa. Mnunuzi aliinusa, akasema inanuka manukato ya gari.

Tangu siku hiyo shemeji hajaja kwangu kuazima hata jembe, na inaniuma kuliko nilivyodhani. Mama mkwe naye, ambaye hajawahi kunisemesha, alimtuma mke wangu: "Kamuulize mwenzio, kahawa yake ilikauka?"

Wewe unayesoma, kitu chako kikiharibika, kabla hujamnyooshea mtu kidole kumbuka ulikitumiaje mwenyewe. Na ukisikia mlio, punguza redio.