Mashine ya Betri na Mguu wa Mama

Mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale Malili ndiye aliyenipa ile mashine niijaribu. Wazazi wake walitoka kaskazini mashariki, lakini yeye amekulia hapa na anaongea Kikamba kama sisi. Mimi ni seremala, karakana yangu iko Tulia, na bawaba na skrubu zangu huzinunua kwake.

"Kaa nayo kidogo," aliniambia. "Ukisema ni nzuri, mafundi watainunua. Ukisema ni takataka, namrudishia aliyeniletea."

Ilikuwa mashine ya kushika mkononi, ya betri, nyepesi kuliko grainda. Bledi yake haizunguki. Inatikisika tu, kulia na kushoto, upesi mpaka huioni ncha yake. Akaiwasha, akaigusisha polepole kwenye kiganja chake mwenyewe. Ngozi ikatetemeka pamoja na bledi, isikatike.

"Umeona? Kitu kigumu inakata, kitu laini inaacha. Hata hospitali wako na mashine ya namna hii ya kutoa plasta ya mtu aliyevunjika mfupa."

Jioni nilimpigia mama yangu simu Ikutha, nikamhadithia hayo nikidhani yatamchekesha. Hakucheka.

"Hiyo mashine iko na wewe sasa?" akauliza.

Mama alikuwa ameteleza kwenye zizi la mbuzi akavunjika mguu, chini ya goti. Hospitalini walimfunga plasta, si ile ya chokaa inayolainika kwa maji, bali ile ya faiba, ngumu kama ukuta wa tangi. Muda wake wa kutolewa ulipofika, dada yangu, ambaye anaishi naye, alimrudisha huko. Wakaambiwa mashine ya kukatia imeharibika, spea haijafika, warudi baadaye. Waliporudi jibu lilikuwa lile lile. Hospitali nyingine ilikataa kugusa plasta ambayo si yao bila picha mpya ya eksirei, na mtu wa picha siku hiyo hakuwepo. Kila safari ilikuwa ni kumbeba mama mpaka kwenye gari, kungoja kwenye benchi, kisha kumrudisha kitandani na ile plasta yake. Ndani mguu ulikuwa unamwasha hata akawa anachokonoa kwa waya wa mwavuli.

Kwenye simu nilimwambia mama kwamba mashine ni ya kukatia mbao. Akasema sawa, akanitakia usiku mwema. Kesho yake alinipigia kabla sijafungua karakana. "Umeshaijaribu?"

Niliijaribu, na sitaki kuionea. Nilikuwa na kazi ya kabati za jikoni, na kwenye kona ambapo msumeno hauingii, ile mashine iliingia. Nilikata miguu ya fremu ya mlango iliyokuwa imeshapachikwa ukutani ili vigae vipite chini, kazi ambayo zamani ningeifanya kwa patasi na matusi. Niliweka msasa wa pembetatu nikasugua pembe za droo. Vumbi lilikuwa kidogo. Lakini mkono ulikuwa ukifa ganzi, betri iliisha haraka kuliko nilivyotegemea, na bledi ikigonga msumari mara mbili tatu inabaki kama kijiko. Kitu kingine nilichokiona ni kwamba ukiikandamiza, inachoma. Mbao ngumu ilitoka na mstari mweusi, ukiugusa unaondoa kidole upesi.

Mama hakutaka kusikia habari za mbao. "Na plasta?" alikuwa anauliza. "Uliuliza kama inakata plasta?"

Mwishowe nikafunga mashine kwenye begi, nikaenda Ikutha.

Nilimkuta amekaa nje kwenye kiti, mguu juu ya stuli, mkeka umetandikwa chini. Kando yake kulikuwa na beseni la maji, sabuni na taulo safi. Alikuwa amejitayarisha kama mtu anayengoja mkunga. Dada yangu alinitazama kutoka mlango wa jikoni, akainua mabega. Alikuwa ameshachoka kubishana.

"Mwaitu, mama yangu, ngoja kwanza," nikasema. "Lazima nijaribu kwa kitu kingine."

"Jaribu," akasema. "Mimi niko hapa tu."

Nilienda sokoni nikanunua mguu wa mbuzi wenye ngozi yake. Nikauzungushia pamba, halafu kitambaa cha faiba na ile gundi tunayozibia matangi yaliyopasuka, nikauacha juani mpaka ukakauka kabisa. Mama alikuwa ananifuatilia kwa macho muda wote. Kisha nikawasha mashine. Faiba ilikatika vizuri, mstari mnyoofu, hata nikaanza kuwa na matumaini. Nikachana lile ganda, nikatoa pamba. Pamba ilikuwa imeungua. Chini yake, kwenye ngozi, kulikuwa na mchirizi mwembamba ulioingia mpaka kwenye nyama.

Nikamletea auone. Aliushika ule mguu, akapitisha kidole kwenye mchirizi, akanirudishia.

"Huyu mbuzi amekufa," akasema. "Hangeweza kukwambia umemfikia. Mimi nitakwambia."

"Ukiniambia nitakuwa nimeshakukata."

"Ni ngozi. Ngozi inapona. Wewe hujui kilicho humu ndani." Aligonga plasta kwa kifundo cha kidole. "Mimi nalala nacho."

Ni kweli, sikujua. Alinyosha mkono kwenye mfuko wangu wa shati, akatoa penseli yangu ya useremala, akachora mwenyewe mstari juu ya plasta, kutoka chini ya goti mpaka kwenye kifundo cha mguu. Mstari ulipinda pinda. Akafumba macho, akaanza kuomba kwa Kikamba, kwa sauti ya chini, akimwomba Mungu aushike mkono wa mwanawe.

Nilipiga magoti kwenye mkeka. Niliwasha mashine. Nikaisogeza mpaka karibu na ule mstari, na mkono wangu, ambao umekata mbao maisha yangu yote, ukakataa. Haukutetemeka. Ulisimama tu. Nilimsikia anaendelea kuomba, sauti ya mashine ikimfunika. Nikazima.

Alifumbua macho akaitazama plasta, nzima vile vile.

"Baba yako angekata," akasema.

Hakusema kwa hasira. Ndiyo maana nilishindwa hata kuinuka. Dada alikuja akalichukua beseni, akamwagia yale maji miche ya mipapai. Siku yote mama alijibu kila mtu isipokuwa mimi.

Nilikaa Ikutha nikipiga simu. Kila aliyepokea alikuwa na adabu, na kila mmoja alinielekeza kwa mwingine. Baadaye mhubiri wa kanisa lake alituambia kuhusu hospitali moja ndogo upande wa Makueni ambako mashine yao ilikuwa inafanya kazi. Tukakodi gari. Daktari kijana wa pale alipiga picha, akakata upande huu, akakata upande ule, akaifungua plasta kama mtu anayefungua mfuko wa unga. Mama hakupata hata mkwaruzo.

Mguu uliotoka ulikuwa mwembamba kama wa mtoto, ngozi inabanduka kama magamba. Na nyuma ya kisigino kulikuwa na kidonda kikubwa, chenye usaha, mahali plasta ilipokuwa ikimkandamiza.

"Hiki kina muda," daktari akasema. "Mngekuja mapema."

Mama alinitazama. Nilitaka kumwambia daktari juu ya benchi zote walizokalia mama na dada, lakini alikuwa ameshageuka kutafuta dawa, na mambo yale hayakuwa yake. Nilishika tu taulo tuliyokuja nayo.

Mashine niliirudisha Malili. Nilimwambia mwenye duka kwamba kwa kona na fremu sijaona kama hiyo, aongeze betri ya pili na bledi za akiba, na asimwonyeshe mteja ule mchezo wa kiganja. Nikamweleza sababu. Alisikiliza mpaka mwisho, akamwombea mama nafuu.

Kidonda kilichukua muda mrefu kufunga. Mfupa umeshika, lakini umeshika ukiwa umepinda kidogo, na mama sasa anatembea na mkongojo. Kanisani hukaa benchi la mwisho karibu na mlango, ambako anaweza kuunyosha mguu bila kumzuia mtu. Nikiwa Ikutha Jumapili huenda naye. Kuna ngazi fupi pale mlangoni, na akiifikia huushika mkono wangu. Huwa sijui niushike wake kwa nguvu au niulegeze. Yeye husema, "Ngoja," anatafuta pa kukanyaga, nami nangoja.