Mwezi wa Saba Niliojifungia na Nyota Zangu

Mwanangu, nikikuona umejikunja na daftari lako huku wenzako wanacheka nje, nakumbuka jioni moja ya baridi, mwezi wa saba, mkoa wetu wa Manyara ukiwa bado mchanga na mimi nikiwa mwalimu kijana hapa Nangara. Sogea nikusimulie. Ni habari ya aibu, lakini kwa umri huu mimi na aibu tumeshazoeana.

Baridi ya Babati unaijua. Jua likizama, hata mbwa anatafuta mlango. Lakini mume wangu, Baba Neema, karani katika ofisi mpya za mkoa, aliipenda baridi hiyo kwa sababu anga huwa safi. Kila jioni aliwatoa nje watoto wetu, Neema wa miaka tisa na Yohana wa miaka sita, pamoja na mama yake mzazi. Walijifunika mablanketi kwenye mkeka, wakatafuna mahindi ya kuchoma na kushindana kutaja nyota. Mimi nilialikwa kila siku, na kila siku nilikataa.

Nilikuwa naandika riwaya. Tena, usinicheke, ilikuwa riwaya ya mchunga ng'ombe aliyependa nyota! Nilifunga mlango kwa komeo, nikaziba nyufa za dirisha kwa matambara, nikawasha taa ya chemli, nyota zangu nikazitoa kichwani. Watoto niliwaonya, "Mtu asinigongee mlango, hata kama kunawaka moto." Mzazi husema maneno kama hayo bila kufikiri. Watoto ndio wanaoyafikiri.

Jioni hiyo Baba Neema alikuwa amechelewa Maisaka, alikokwenda kumjulia hali mgonjwa. Mama mkwe alikuwa akichoma mahindi kwenye jiko letu la nje, kibanda cha nyasi. Kaa moja likarukia mabua makavu yaliyorundikwa pembeni, yakashika moto. Akachukua ndoo ya maji, akamtuma Neema aniite.

Neema akafika mlangoni, akalikumbuka katazo langu. Basi akachana karatasi, akaandika, akaipenyeza chini ya mlango. Ilisema: "Mama jiko linaunguwa. Samahani kwa usumbufu."

Mwanangu, mimi nilikuwa mwalimu. Jicho langu halikuona moto, liliona kosa la tahajia. Nikachukua kalamu nyekundu, nikaizungushia duara ile "w", nikaandika pembeni, "Rudia mara tano," nikairudisha chini ya mlango.

Na mtoto wa watu akakaa chini, akarudia mara tano.

Karatasi ya pili ilipoingia, mwandiko mzuri, mistari imenyooka, linaungua, linaungua, linaungua, ndipo mlango ulipopigwa teke, nikasikia sauti ya mama mkwe.

"Mama Neema! Unasahihisha nini, na paa limeshaanguka?"

Nilitoka mbio, kiatu kimoja mguuni, kalamu mkononi. Majirani walikuwa wamefika na ndoo. Hakuna aliyeumia, nashukuru Mungu, lakini jiko lilikuwa majivu. Nilimkumbatia Neema, kwa maana ningeweza kumpoteza huku nikimpa maksi.

Baba Neema aliporudi alitazama jiko, akanitazama mimi, akatandika mkeka. Kwa mara ya kwanza nikakaa nao. Yohana akaniuliza nilikuwa naandika nini. Nikasema, nikitafuta heshima kidogo, "Naandika jinsi Kilimia, kile kishada cha nyota, kinavyong'aa utosini jioni ya mwezi wa saba."

Baba Neema akakohoa.

"Mama," Neema akasema taratibu, kama anayemwambia mgonjwa, "mwezi huu Kilimia kinaonekana alfajiri. Jioni hakipo."

Mama mkwe akacheka mpaka blanketi likamdondoka. Halafu akaniambia, "Mwalimu, nyota ziko hapa nje, na watu wako wako hapa nje. Huko ndani ulikuwa unaandika habari za nani?"

Kuanzia wiki ile nikawa naandika alfajiri, nyumba ikiwa bado imelala, na jioni ikawa ya mkeka. Riwaya ilichelewa zaidi ya mwaka. Sijasikia mtu aliyelazwa hospitali kwa sababu ya kuisubiri.

Kwa hiyo andika, mwanangu, sikukatazi. Jiwekee saa zako na uzilinde, lakini zikiisha funga daftari, hata kama sentensi imebaki nusu, utaikuta kesho. Mlango wako usiutie komeo. Na watu wa nyumbani wakikuita kwenye mchezo wao, nenda, ingawa unauona wa kipuuzi, kwa sababu siku watakayoacha kukuita utakosa hata cha kuandika.

Mungu akupe mkono usiochoka, akupe nyumba yenye kelele za furaha, na watu wako wakikuita, akujalie kusikia mara ya kwanza. Amina.