Siku Tuliyofukuzana na Chelo Kanisani

Nikiwasimulia hii msianze kucheka kabla sijafika mwisho, maana mpaka leo nikipita nje ya lile kanisa pale Voi huwa natazama ng'ambo ya barabara kama mtu aliyeona kitu cha maana sana.

Ilikuwa miaka ya tisini, harusi ya dada yangu Wakesho. Hakuniomba sufuria wala blanketi, aliniomba kitu kimoja tu: aingie kanisani na ule muziki wa piano aliokuwa akiusikiliza kwenye kaseti tangu shule ya upili, wa polepole, wa wazungu wa zamani, ila upigwe kwa chelo (lile fidla kubwa la kubana katikati ya magoti), kwa sababu Mshai, dada ya bwana harusi, alikuwa amejifunza chelo Nairobi. Na mimi, mpiga kinanda wa kwaya, nikasema hiyo niachieni.

Kazi ya kuupanga niliifanya vizuri, sijisifu bure. Wimbo wa mkono wa kulia nikampa Mshai, nikaushusha mpaka kule chelo inakopenda kuimba, na madoido ya mkono wa kushoto nikayafyeka yote, nikabaki na sauti chache za kushikilia tu. Nikauhamishia kwenye ufunguo wa D (ngazi ya sauti iliyo juu kidogo ya C), maana nyuzi za chelo zinaupenda. Shida ni kwamba mimi nilikuwa najua C peke yake, vibonyezo vyeupe, halafu kitufe cha kibodi yangu ya umeme ndicho kinapandisha sauti yote mpaka nitakapo (msinishangae, wapiga kinanda wengi wa makanisa ya kwetu tumelelewa na kitufe hicho).

"Lakini shemeji," Mshai akaniambia tukifanya mazoezi, "si ucheze tu D yenyewe? Ni vibonyezo viwili vyeusi."

"Ya nini kujitesa na kitufe kipo?" nikamjibu, tena kwa kicheko.

Hapo ndipo nilipojichongea.

Siku yenyewe kanisa limejaa, jamaa wamekuja mpaka kutoka Marungu, na pasta akiwa kwenye maombi stima ikapotea, halafu ikarudi, watu wakapiga makofi na mimi nikapiga, nisijue kwamba ile kibodi ikizimika husahau kila kitu na kurudi C. Mlango ukafunguliwa. Wapambe wa bibi harusi wakainua mguu wa kwanza, Mshai akavuta upinde, nikabonyeza, na kilichotoka hapo sijui nikiite nini. Mshai akadhani nyuzi zake ndizo zimepanda, akainama kuzilegeza. Mimi nami nikakumbuka, aha, kitufe! Nikakipandisha. Tukaanza tena, sasa mimi niko D na yeye ameshuka C. Akanitazama, nikamtazama, akakaza nyuzi anifuate, na mimi kwa adabu zangu zote nikashusha kitufe nimfuate yeye. Kwa nini hatukusemezana sielewi mpaka leo. Wapambe nao, hatua moja mbele, simama, hatua moja nyuma, mpaka mmoja akamkanyaga Wakesho gauni.

"Wewe kijana!" baba akaita kutoka mlangoni, amemshika dada mkono, na kanisa zima likasikia. "Tunaingia ama hatuingii?"

Sikujua tena niko C au niko wapi. Nikamwona Wakesho anauma midomo ndani ya shela, karibu kulia, siku yake moja tu maishani na kaka yake ndiye anayeiharibu, na moyo ukaniuma kweli. Nikazima kibodi, nikaweka mikono mapajani.

Mshai akavuta upinde, akaanza peke yake. Chelo ikaimba, watoto wakanyamaza, wapambe wakatembea bila kukanyagana, na mama akalia mpaka kilemba kikamfunguka.

Wakati wa chakula nikaenda kuomba msamaha. Wakesho akanishika mkono.

"Kaka, wimbo uliupanga vizuri sana," akasema. "Hasa pale ulipoacha kucheza."

Wiki hiyo hiyo nikakibandika kitufe plasta, nikaanza kujifunza vibonyezo vyeusi kidole kimoja kimoja. Na siku hizi nikialikwa harusi nasema sawa, nitakuja, lakini nakuja kula.