Shangazi Kawa Mpole

Mimi ndiye niliyeshika wakala wa shangazi yangu. Mahakama imeniandika msimamizi wake, kwa hivyo nyumba ya wazee anapokaa, pale Azaiba, haimbadilishii dawa wala haimpeleki hospitali mpaka nijulishwe. Na kunijulisha wananijulisha, wallahi. Kakohoa, simu. Kakataa uji, simu. Nami kila habari naiuliza mara mbili, ndivyo ninavyohesabu hata boliti dukani kwangu mtaa wa Ghala, huko ninakouza spea za magari.

Asubuhi moja nabishania bei ya giaboksi niliyoletewa, mwenye kuiuza kishaanza kuapa kwa watoto wake, mara muuguzi wao Mkenya akapiga.

"Mzee, leo nakupea habari poa. Mama amekuwa mpole! Tangu jana hajatusi mtu. Nimemwogesha, akasema asante."

"Kasema nini?"

"Asante."

"Hebu rudia."

"Asante, Mzee! Si ufurahi kidogo?"

Giaboksi niliiacha palepale. Shangazi hajapata kumshukuru mtu tangu nimjue. Ukimpa chai, atakuuliza maji umeyachota baharini.

Nilimkuta kajifunika shuka hadi kidevuni.

"Karibu, mwanangu. Umependeza."

Nikamgeukia muuguzi. "Mgonjwa huyu."

"Lakini hana homa. Presha pia iko sawa."

"Kaniambia nimependeza. Hebu nitazame."

Akanitazama, kuanzia viatu vilivyolowa grisi mpaka kofia. Hakubisha.

"Basi nataka ruhusa yako apelekwe hospitali saa hii, apimwe damu na mkojo. Wakisema alazwe?"

"Alazwe. Nnakubali, na tena nnakubali."

Maradhi ya mkojo, daktari akasema, na yalikuwa yameanza kuingia kwenye damu. Wazee wengine hata homa haiwapandi. Hubadilika tu tabia. Akalazwa, dripu mkononi, akimwombea dua kila anayepita, hata mfagiaji. Kila dua moja, moyo wangu ukishuka ngazi.

Siku ya nne nilisikia makelele tangu mlangoni.

"We mtoto, hiyo sindano unachoma au unashona? Nani kakufundisha, fundi magodoro?"

Daktari akanivuta pembeni, uso umemwiva. Bibi anasumbua wodi nzima, akaniambia, na kwa kuwa mimi ndiye msimamizi wake, anaomba ruhusa ampe kidonge cha kumtuliza.

Nikamkatalia. Nikavuta kiti, nikakaa karibu na kitanda, nikasubiri zamu yangu ya kutukanwa.