Stika za Shangazi

Shangazi yangu alikuwa akiuza stika za kukinga mionzi ya simu, na tangazo lake lilikuwa titi la mama yangu. Titi lenyewe halikuwepo, hospitali walishalikata. Aliuza pengo lililobaki. Nayasema haya mapema ili mtu asije akaniambia nimemsema vibaya marehemu. Marehemu nimemsema sawasawa.

Tuliishi Nyamirambo, katika kiwanja cha babu. Baba alipofariki, nyumba ya mbele ilibaki mikononi mwa shangazi, dada yake mkubwa, na mimi na mama tukabaki na vyumba viwili vya uani. Mama alizaliwa Bujumbura, hapa Kigali hakuwa na ndugu, na wifi yake hakumwacha asahau hilo hata siku moja. "Wewe wa Buyenzi," alimwita, kwa jina la mtaa aliotoka, eti ni utani. Utani wa wifi huwezi kuujibu ukiwa unalala chini ya bati lake.

Mama aliuza vitenge, na simu yake aliiweka kifuani, ndani ya sidiria, upande wa kushoto. Usimcheke. Wanawake wa biashara wote wanaweka hapo. Mikono imeshika vitambaa, mkoba ukiuweka chini umeibwa, sasa simu uiweke wapi, kichwani? Ilikaa hapo kutwa nzima ikipata moto na kutetemeka. Kwa hiyo alipogusa uvimbe, mdogo kama harage, hakuwa na haja ya kuuliza. Alijua ni joto la simu. Akaihamishia simu upande wa kulia, akasubiri uvimbe upoe. Akasubiri sana, na mimi hakuniambia.

Daktari aliyemwona alikuwa mtu mtaratibu. Alisema kama simu inaleta ugonjwa ule au haileti, yeye hawezi kuapa. Watu bado wanachunguza, na hajaona ushahidi wa kumtosha. Alichokijua ni kwamba mama angekuja harage likiwa bado harage, wangelitoa na titi lingebaki. Shangazi alikuwa chumbani humo. Aliyasikia yote kwa masikio yake mawili, na wala hayakuwa na nta.

Haki yake nimpe. Siku zile za hospitali alikuwa mtu. Alilala sakafuni juu ya mkeka, akaleta uji asubuhi, akakisafisha kidonda bila kukunja uso. Mama alimshika mkono akamwomba jambo moja tu. "Wifi, nisitiri. Watu wasijue." Shangazi akaitikia, tena akaapa. Mama hakutaka kingine chochote duniani. Kufa hakukumtisha sana. Alichoogopa ni kutazamwa.

Mimi ni fundi cherehani. Nilimshonea titi la kitambaa, nikalijaza pamba, na chini nikatia mtama kidogo lipate uzito, lisimpande shingoni akiinama. Nililirudia mara nyingi mpaka likakaa vizuri. Akarudi sokoni kifua chake kikiwa sawa, akawa anabishana na wateja kama zamani, na mimi nikafikiri yamekwisha.

Kisha zikaja stika. Bwana mmoja wa mjini ndiye aliyemletea shangazi: viduara vya rangi ya dhahabu, unabandika mgongoni mwa simu, mionzi inakufa. Inakufaje, hakuna aliyeuliza. Alianza kuziuza baada ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya Jumamosi, watu wakiwa wamekaa kwenye mkutano na majembe yao. Wakamwangalia tu. Akaenda Kicukiro, kwenye ofisi za Wanyarwanda waliokulia Uganda, wao wakataka maelezo, na kwa Kiingereza. Maelezo hakuwa nayo. Akarudi na mkoba umejaa vilevile, akawa anatusonya sisi kana kwamba ndio tuliozikataa. Halafu siku moja akawaambia watu wa mtaa habari za wifi yake na titi lililokatwa, na stika zikaisha kabla ya adhuhuri.

Mama aliyajua kwa mteja. Mwanamke alikuja kuchagua kitenge, lakini macho yake yakawa yanapita kushoto na kulia kifuani mwa mama, yanalinganisha. Mama akafunga biashara mapema, akaenda nyumba ya mbele kuuliza. Shangazi hakukana hata kidogo. Akamwambia mficha maradhi kilio humfichua, na kwamba yeye anaokoa watu, tena amshukuru. Akaongeza kwamba asiyependa, njia ya Bujumbura ipo wazi.

Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Binti wa jirani alikuwa anaolewa, na wanawake tukakutana kwao alasiri kumtia hina. Mama alikuwa pembeni akigawa sambusa. Shangazi akasimama katikati na simu zake mbili, moja kila mkono.

"Nitazameni mimi. Simu mbili, stika mbili, mzima," alisema. "Sasa mtazameni huyu."

Mama hakuinuka. Akaendelea kupanga sambusa kwenye sahani, kichwa chini. Basi shangazi akamfuata, akaingiza mkono kwenye shingo ya gauni lake, akalichomoa lile titi nililolishona mimi. Akaliinua juu watu waone. Mshono uliachia kidogo na mtama ukamwagika mkekani.

Lilipita mkono kwa mkono. Mmoja aliligeuza aone limeshonwaje. Mwingine alilipima uzito kiganjani, akacheka, na sidhani alicheka kwa ubaya, alicheka tu kama watu wanavyocheka. Wengine wakasema disi, neno la Kinyarwanda la kumhurumia mtu, na huku wanasema disi wanafungua pochi. Wanunuzi walikuwa wengi. Mama alikaa amefunika kifua kwa sinia. Nilimrukia shangazi, nikamwambia maneno ambayo mpwa hamwambii shangazi yake, na bado naona yalikuwa machache. Aliyeninyamazisha ni mama mwenyewe. Akaniambia nikusanye sahani.

Tangu siku ile hakulivaa tena. Alitembea Nyamirambo nzima na upande mmoja bapa, na anayetaka kutazama atazame. Lakini kila asubuhi alipita nyumba ya mbele. "Umeamkaje, wifi?" Sauti tulivu, wala haitetemeki. Salamu ile iliniudhi kuliko matusi. Nilimwambia hana hata chembe ya heshima yake mwenyewe, anajikomba kwa mtu aliyemvua nguo hadharani. Akanijibu kwamba salamu ni sunna na chai inapoa.

Ramadhani iliyofuata, shangazi alikuja uani kwetu alasiri moja. Yeye huwa haji, hutuma mtu atuite. Akaniamuru nitoke nje, mlango ukafungwa. Nilikaa barazani na cherehani yangu, nikasikia wanaongea chinichini. Alipotoka alikuwa amejifunga mtandio kifuani kwa nguvu, akanipita bila kunirushia hata kijembe kimoja. Nilimuuliza mama alitaka nini. Akasema bati linavuja upande wa jikoni. Nikaamini, maana lilikuwa linavuja kweli.

Stika aliendelea kuziuza. Ila akaanza kuvaa mabuibui mapana, na Idi ilipofika alitupa mkono tu, hakumkumbatia mtu. Akakonda. Kwa watu alisema ni vidonda vya tumbo, akawa anakunywa majani machungu ya kuchemsha, na wateja wakamsifu kwamba mwili umempungua vizuri. Alipolala kitandani kabisa, hakumruhusu mtu kumwogesha isipokuwa mama. Miezi mizima mama alibeba beseni la maji ya moto asubuhi na jioni, akatoka na kifurushi cha vitambaa akakichoma nyuma ya choo. Nilimwita mjinga, mbele ya macho yake. Akaenda kujaza beseni.

Alikufa mvua zilipoanza. Mama ndiye aliyeongoza kumwosha, pamoja na wanawake wawili wa msikitini, na mimi nikawa wa kumimina maji. Anayeosha maiti hasimulii alichokiona, hiyo tunaijua tangu utotoni, na leo naivunja kwa makusudi. Shuka iliposogea nililiona titi lake la kushoto. Lilikuwa limepasuka, limekuwa jeusi, na juu yake kulikuwa na kitambaa safi kilichokunjwa mara nne, ncha zikiwa ndani. Hivyo ndivyo mama anavyokunja vitenge vyake. Mwanamke mmoja akapeleka mkono mdomoni. Mama akairudisha shuka mahali pake, akasema, "Tuendelee."

Wanaume walipoondoka na jeneza, tulibaki uani sisi wawili. Niliuliza huku nikitazama chini.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu Ramadhani. Alinishika mkono akauweka kifuani kwake. Harage lilikuwa dogo. Ilibidi nilitafute kwa vidole."

"Hukumwambia aende hospitali?"

Alikunja mikono ya gauni mpaka juu ya viwiko, polepole, kwanza mmoja halafu mwingine.

"Hakuniuliza habari za hospitali. Aliogopa wateja wakisikia." Sauti yake ilikuwa ileile ya kila asubuhi. "Mimi nilimwomba asiseme, akasema. Yeye aliniomba nisiseme. Sikusema."

Akanyoosha mikono, ilikuwa bado inanuka kafuri. Nilimmiminia maji, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilimwogopa mama yangu.